Kinywa Hakipimwi kwa Haraka

Akina mama wenzetu hutuuliza swali hili mara kwa mara: "Tumetumia fedha nyingi kumtengenezea mama meno ya bandia, mbona hayavai?" Tunaulizwa hospitalini, ambako sisi ni wauguzi, na tunaulizwa pia Jumamosi mchana tunapokwenda na kikundi chetu cha kanisa kuwatembelea wazee majumbani. Mara nyingi muulizaji amekwisha kujipatia jibu lake mwenyewe. Husema mama ni mkaidi, au uzee umemfanya awe mtu wa kuchaguachagua. Sisi huomba kwamba kabla ya kumlaumu mama tuulize kwanza mambo mawili: chapa ya kinywa chake ilichukuliwaje, na siku ile kinywa chenyewe kilikuwa katika hali gani?

Jambo hili linagusa watu wengi. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa kuhusu afya ya kinywa duniani. Lilikadiria kwamba karibu watu 7 katika kila watu 100 wenye umri wa miaka 20 na zaidi hawana jino hata moja, na kwa wenye miaka 60 na zaidi ni kama watu 23 katika kila 100. Katika hesabu hizo wamo mama zetu walioacha nyama, mahindi ya kuchoma na makande, wakabaki na uji na mkate wa kuchovya kwenye chai. Wamo wanaojifunika mdomo kwa khanga wanapocheka. Wamo walioacha kuimba kwaya kwa sababu maneno yanatoka na upepo. Mtu wa namna hiyo akipata meno yanayokaa vizuri, anarudi mezani pamoja na wenzake. Akipata yasiyokaa, fedha zimepotea na yeye anakata tamaa ya kujaribu tena.

Chapa ni nini?

Watu husema "kupima meno," kana kwamba daktari anatumia utepe kama fundi cherehani. Kinachofanyika ni tofauti. Ukikanyaga udongo mbichi, mguu wako unaacha alama. Ukimimina plasta ndani ya alama ile na kuiacha igande, utapata sanamu ya wayo wako. Ndivyo inavyofanyika kwa kinywa. Daktari huweka dawa laini ndani ya kijisahani chenye umbo la taya, ambacho hospitalini huitwa trei. Huingiza trei kinywani, dawa inagandia kwenye fizi, kisha anaitoa. Alama iliyobaki ndani ya dawa ndiyo chapa. Ndani yake humiminwa plasta, ndugu wa ile inayofungiwa mguu uliovunjika, na sanamu ya kinywa hupatikana.

Sasa fikirini kazi ya fundi wa maabara ya meno. Mara nyingi hajamwona mgonjwa hata siku moja. Hajui kama ulimi wake ni mpana au mwembamba, wala kama fizi zake zinauma. Anachoona ni ile sanamu ya plasta iliyo mezani pake. Kama chapa ilivutika kidogo, au ilikuwa na kiputo cha hewa, au haikufika mwisho wa ufizi, fundi atalifuata kosa hilo kwa uaminifu wote. Gauni likibana linaweza kufumuliwa na kushonwa upya. Meno ya bandia yanaweza kuchongwa kidogo hapa na pale, lakini yakijengwa juu ya chapa mbaya kuyachonga hakusaidii sana. Dawa yake ni kurudia tangu mwanzo.

Wengine hushangaa meno ya juu yanashikwa na nini, maana hayana gundi wala msumari. Chukueni vipande viwili vya kioo, mtie tone la maji katikati na kuvibana pamoja. Kuvitenganisha kwa kuvivuta moja kwa moja ni kazi. Meno ya juu hushikwa kwa namna hiyo: utando mwembamba wa mate unakaa kati ya bamba na kaakaa, na kingo za bamba zinazuia hewa isipenye. Kama chapa haikunakili ufizi sawasawa, utando ule unakuwa mnene hapa na mwembamba pale, hewa inaingia, na meno yanaanguka mtu anapopiga chafya.

Taya ya chini ina shida zaidi. Sehemu ya kukalia meno ya bandia upande wa chini ni kama nusu tu ya ile ya juu. Ina umbo la kiatu cha farasi, na katikati yake kuna ulimi ambao hautulii. Ndiyo maana wazee wengi husema, "Ya juu sina neno nayo, hayo ya chini ndiyo yananitesa." Hawasingizii.

Watu walivyojifunza kunakili kinywa

Zamani hata wakubwa wa dunia waliteseka kwa meno ya bandia. George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, alikuwa amebakiwa na jino moja tu alipoapishwa mwaka 1789. Wengi wamesikia kwamba meno yake yalikuwa ya mbao, lakini sivyo. Yalitengenezwa kwa pembe, meno ya wanyama na ya binadamu, na madini, yakashikwa kwa springi zilizoyasukuma juu na chini. Mwaka 1798 alimwandikia daktari wake, John Greenwood, akilalamika kwamba yanamsukuma midomo ikatokeza nje.

Kabla ya hapo, mwaka 1756, Philipp Pfaff, daktari wa meno wa mfalme wa Prussia, alikuwa amekwisha kueleza namna ya kuchukua chapa kwa nta iliyolainishwa na kuitolea sanamu ya plasta. Katika karne ya 19 plasta yenyewe ilianza kuingizwa kinywani kuchukulia chapa. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, dawa moja ya chapa iliyotokana na mwani kutoka Japani iliadimika huko Marekani. Nafasi yake ikachukuliwa na unga uitwao aljineti, unaotokana na mwani wa rangi ya kahawia. Mwani huo si ule wanaoulima akina mama wa Paje na Jambiani kule Zanzibar. Ule ni wa aina nyingine na una kazi nyingine. Aljineti inatumika hadi leo kwa sababu ni rahisi, haiumizi, na inaganda kwa dakika chache tu.

Siku hizi zipo pia mashine zinazopiga picha ya kinywa kwa mwanga na kuipeleka kwenye kompyuta. Hata hivyo, kwa mtu asiye na jino hata moja kazi hiyo bado ni ngumu, maana fizi laini, midomo na ulimi husogea, na hakuna jino la kushikilia alama.

Kinywa kiandaliwe kwanza

Hapa ndipo familia nyingi hukosa subira. Jino likishang'olewa, ufizi hufunga baada ya wiki chache, lakini mfupa ulio chini yake unaendelea kupungua na kubadilika umbo. Hupungua zaidi katika miezi ya kwanza, kisha huendelea polepole kwa miaka mingi. Mtafiti Antje Tallgren alichapisha mwaka 1972 uchunguzi uliofuatilia watu wenye meno ya bandia kwa miaka hadi 25. Alionyesha kwamba mfupa wa mbele wa taya ya chini hupungua kama mara nne kuliko ule wa juu. Ukichukua chapa leo juu ya kidonda kibichi, unanakili kinywa ambacho baada ya miezi mitatu hakitakuwapo tena.

Yapo meno ya bandia yanayovalishwa siku ileile ya kung'olewa, na yana faida yake kwa mtu asiyeweza kukaa bila meno kazini. Lakini daktari humweleza mgonjwa mapema kwamba yatalegea na yatahitaji kujazwa upande wa ndani au kutengenezwa upya fizi zikishapona.

Mwenye meno ya bandia ya zamani naye ana maandalizi yake. Bamba la zamani linapobana ufizi kwa miaka, ufizi hupondeka na kubadilika umbo. Ukichukua chapa mara tu anapoyavua, utanakili ubaya wa meno ya zamani na kuupeleka kwenye mapya. Ndiyo maana daktari humwambia mgonjwa akae bila kuyavaa kwa muda wa saa 24 au zaidi kabla ya chapa. Mabinti wengine hukasirika wakisikia hivyo: "Mama atakula nini?" Mpikieni ndizi laini, mtori, maharage ya kuponda, mayai na parachichi. Siku mbili si nyingi zikilinganishwa na miaka atakayoyavaa mapya.

Kama kaakaa ni jekundu chini ya bamba, huenda kuna fangasi. Hii hutokea sana kwa wanaolala na meno kinywani, na hasa wenye ugonjwa wa kisukari. Itibiwe kwanza. Na mwambieni daktari magonjwa yote ya mama: sukari, presha, moyo, dawa anazomeza, na kitu chochote kilichowahi kumdhuru. Mzee mwenyewe mara nyingi husema "sina tatizo" ili asionekane msumbufu.

Bibi na harusi ya mjukuu

Katika matembezi yetu ya Jumamosi tulikuwa tukimtembelea bibi mmoja aliyepita miaka 70, mcheshi sana. Taya ya juu hakuwa na jino. Ya chini alikuwa amebakiza manne yaliyolegea, nayo yakang'olewa. Wiki mbili baadaye binti yake alifika kwa basi kutoka Mwanza. Alikuwa na likizo ya siku kumi, na Jumamosi ya pili yake mjukuu alikuwa anaolewa. Alitaka mama yake apate meno kabla ya harusi.

Tuliwasindikiza hadi kliniki. Daktari, kijana mpole, alimwamkia bibi, akamtazama kinywani kwa muda mrefu, kisha akasema fizi bado, warudi baada ya miezi miwili au mitatu.

"Daktari, mimi nina siku kumi tu," alisema binti.

"Nakuelewa, dada, lakini taya ya mama haina habari na likizo yako," daktari alijibu taratibu.

Binti hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amejinyima mwaka mzima kupata fedha zile, na alitaka kuona kwa macho yake mama anatabasamu. Aliambiwa kuna fundi mtaani anayetengeneza meno kwa siku mbili, akampeleka huko. Chapa ilichukuliwa mara moja tu, mashimo ya meno yakiwa bado hayajajaa. Siku ya tatu meno yalikuwa tayari, meupe na ya kuvutia.

Siku ya harusi bibi alipiga picha akiwa amefumba mdomo. Pilau hakuigusa. Tulipomtembelea wiki tatu baadaye alikuwa amepungua, na chini ya ulimi alikuwa na kidonda kilichosababishwa na ukingo wa bamba. Meno yalikuwa yamefungwa kwenye leso ndani ya sanduku. "Mwanangu," alimwambia mmoja wetu, "haya meno hayakai. Nikicheka yanatangulia nje." Tulicheka naye, lakini machoni mwake hamkuwa na kicheko. Alituomba tusimwambie binti yake. Alisema, "Atajiona amenidhulumu."

Tulimrudisha kliniki. Daktari alimwambia asiyavae kabisa, akafuatilia kidonda mpaka kikapona. Hapa tutoe angalizo: kidonda cha kinywani kisichopona kwa wiki mbili, kiwe cha meno ya bandia au cha kitu kingine, lazima kionwe na daktari, kwa maana saratani ya kinywa nayo huanza kama kidonda kidogo. Kidonda cha bibi kilipona. Baada ya miezi mitatu kazi ilianza upya, na safari hii wifi yake binti ndiye aliyekuwa akimleta.

Siku ya chapa

Tuliyoyaona kwa bibi yule ndiyo tungependa kila familia iyajue, ili ijue kazi nzuri inafananaje.

Kwanza, mgonjwa aliketishwa wima, hakulazwa. Akilala, dawa inateleza kuelekea koo na kichefuchefu kinakuja upesi. Daktari alijaribu trei tatu kabla ya kuridhika. Trei ndogo inaminya fizi, kubwa inasukuma mashavu, na zote mbili zinaharibu chapa. Alianza na taya ya chini, maana ni rahisi kwa mgonjwa kuizoea kuliko ya juu.

Bibi aliogopa kutapika. Muuguzi alimwambia ainamishe kichwa mbele kidogo, avute pumzi kwa pua polepole, mate yamwagikie kwenye kitambaa bila aibu. Kisha akamwambia ainue mguu mmoja na kuushikilia hewani. Wengine walidhani ni mzaha, lakini akili ikishughulika na mguu, koo linasahaulika. Mzee anayeogopa sana asile mlo mzito kabla ya kwenda, ila mwenye kisukari asikae na njaa.

Aljineti huchanganywa kwa kipimo cha maji kilichoandikwa na watengenezaji. Maji ya moto huifanya igande haraka kabla ya kufika kinywani, na ya baridi huichelewesha. Ikishaingia, trei hushikwa bila kutikiswa mpaka igande. Mgonjwa akitingisha kichwa ili aone kama imeganda, au daktari akilegeza mkono aandike kitu, alama huvutika. Ikishaganda, hutolewa kwa mkupuo mmoja, si kwa kuibembeleza huku na huku.

Kisha ile chapa ilioshwa kwa maji yanayotiririka kuondoa mate, na kutiwa dawa ya kuua vijidudu, kwa sababu fundi naye ana haki ya kulindwa. Ikafunikwa kwa kitambaa chenye unyevu na kupelekwa maabara wakati uleule. Aljineti ya kawaida ikiachwa wazi mezani hukauka na kusinyaa, na ikilowekwa majini muda mrefu huvimba. Chapa iliyochukuliwa asubuhi kwa ustadi inaweza kuharibika kabla ya chai ya saa nne ikiwa hakuna wa kuimiminia plasta.

Wifi alidhani kazi ya chapa imekwisha. Hapana. Ile ya kwanza ilikuwa ya kumtengenezea bibi trei yake mwenyewe, inayolingana na taya yake na si ya mtu mwingine. Siku ya pili trei hiyo ilipakwa pembeni dawa ngumu inayolainika kwa moto, kipande kwa kipande, na bibi akaambiwa afanye kazi: afungue mdomo, akunje midomo kama anayepuliza moto, atabasamu, atoe ulimi, aupeleke kushoto na kulia, ameze mate. Kwa taya ya juu aliambiwa aseme "aaa" ili daktari aone kaakaa laini linapoanzia kutikisika, kwa kuwa hapo ndipo bamba linapopaswa kuishia. Mwisho ikapakwa dawa nyepesi ndani, na chapa ya mwisho ikachukuliwa.

Mazoezi hayo yana sababu. Kinywa hakikai kimya. Kinakula, kinaongea, kinacheka na kuimba. Chapa inayonakili ufizi uliolala tu itatoa bamba refu kupita kiasi, na shavu likisogea litalinyanyua. Chapa ya mwisho inanakili kinywa kikiwa kazini.

Chapa ya chini ya bibi ilirudiwa mara mbili siku hiyo. Wifi alianza kunung'unika kwamba daktari anajifunzia. Sisi tulimtuliza. Daktari anayeitazama chapa kwenye mwanga, akaona kiputo au sehemu trei ilipochomoza, akasema "turudie, bibi," huyo anajali. Wasiwasi uwe kwa yule anayechukua mara moja, akaitupia jicho na kuiweka kando.

Baada ya chapa

Zilibaki safari nyingine: ya kupima jinsi taya zinavyokutana na urefu wa uso, ya kujaribu meno yakiwa kwenye nta, na ya kukabidhiwa. Siku ya kujaribu kwenye nta ni muhimu sana kwa mtoto wa mzee kuwapo, maana bado meno yanaweza kusogezwa. Mama atamke maneno yenye "s" na "f," ajitazame kwenye kioo, aseme kama sura ni yake. Wiki ileile ya kukabidhiwa hurudi tena kupunguzwa panapochoma. Ukihesabu yote, ni safari tano au zaidi.

Matokeo ya bibi yule hayakuwa muujiza. Meno ya juu yalikaa tangu siku ya kwanza. Ya chini alijifunza kuyamudu kwa zaidi ya mwezi, akianza na vyakula laini vilivyokatwa vidogo na kutafuna pande zote mbili kwa pamoja. Mifupa ya kuku mpaka leo haijaribu. Lakini makande anakula, na wajukuu wanasema sauti yake ya kuwagombeza imerudi vilevile.

Basi, mpendwa msomaji, ukitaka kumtengenezea mzazi wako meno, panga kwa miezi, si kwa siku za likizo. Kama unaishi mbali, tuma fedha kidogo kidogo na umteue mtu mmoja wa nyumbani atakayemsindikiza kila safari. Uliza kabla ya kulipa: fizi zimepona? Chapa zitachukuliwa mara ngapi? Atatengenezewa trei yake mwenyewe? Tutayaona kwenye nta? Akipata maumivu tunarudi lini? Mtaalamu wa kweli hujibu maswali hayo bila kukasirika.

Meno yakishapatikana, yavuliwe usiku, yasuguliwe kwa brashi na sabuni ya kawaida juu ya beseni lenye maji ili yakiponyoka yasivunjike, kisha yalale kwenye maji ya kawaida. Maji ya moto huyapinda. Kila mwaka kinywa kionwe na daktari hata kama hakiumi, kwa sababu mfupa unaendelea kupungua kimyakimya. Yakianza kulegea, msikimbilie kununua gundi dukani wala msiyachonge kwa kisu. Huenda wakati umefika wa kuchukua chapa nyingine.